Aliyemtoa Mzee Kileo Mtoni

Haya, sogeeni. Wa kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa, na nikimaliza nataka jibu, sitaki miguno.

Huko mlimani palikuwa na mama mmoja, Anasia, mke wa Mzee Kileo. Mungu aliwajalia watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ndelilio, kifungua mimba, alikuwa na nguvu za kutisha; gogo la kubebwa na watu wanne alilibeba peke yake huku akipiga mluzi. Aikande, binti wa katikati, aliujua mto. Akitia mkono majini alikuambia kama maji hayo ni ya mvua, ya chemchemi, au ya barafu ya kileleni. Na Saria, kitinda mimba, alikuwa fundi wa mifereji. Maji yalimtii kuliko mbwa wake.

Na mto wenyewe muuelewe, maana ndio wenye kesi. Unaanzia juu kabisa, kwenye barafu. Jua likipanda, barafu inatoka jasho. Maji yanateremka kwenye mawe matupu, yanazama chini ya miamba, yanaibukia msituni, yanaingia korongoni, ndipo yanafika kwenye banio, pale mfereji unapochukua maji ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Kinachobaki kinakwenda tambarare, na kiangazi hakifiki popote, kinanywewa na mchanga. Kwa hiyo asubuhi mto huo unavukika bila kukunja suruali, na jioni unabeba ng'ombe. Wazee walikuwa na kipimo chao: maji ya jua hufika banio wakati wa kukamua jioni. Lakini barafu ya mababu imekonda, jamani, na barafu iliyokonda haingoji jioni.

Siku hiyo asubuhi Mzee Kileo alitaka kwenda kuzibua banio. Alisita mlangoni, akalitazama jua.

"Nenda tu, baba Ndelilio," Anasia akamwambia. "Kabla ya jioni utakuwa umeshamaliza."

Maneno hayo anayajutia mpaka leo.

Saa nane mama huyo alipompelekea mtori wa ndizi alimkuta mumewe amekaa mtoni, chini kidogo ya banio, jiwe kubwa limemlalia mguu, maji yanamfika kiunoni. Anasia akapiga yowe mpaka sauti ikakauka. Watoto wakaja mbio.

"Ngojeni nikalete watu na mitaimbo," alisema Ndelilio. Kijijini kwenda na kurudi ni saa nzima.

Aikande alikuwa ameshatia mkono majini. Akautoa haraka kama aliyeungua. "Kaka, usiende! Haya ni ya barafu, na mengine yako njiani. Ukirudi, Baba utamtafuta tambarare."

"Acha kututisha, mwanangu," baba yake akasema, meno yakigongana. "Hata mchana haujaisha."

"Baba, kipimo chako kimekufa!"

Lo! Hakuna aliyewahi kumjibu Mzee Kileo namna hiyo. Ndelilio akageuka, akarudi. Angekwenda, leo nisingekuwa na hadithi.

Saria hakungoja kuambiwa. Alikimbilia banio, akafungua lango lote la mfereji, akabomoa na ukuta wa mawe wa banio, nusu ya mto ikageukia mferejini. Mfereji huo unapita nyuma ya nyumba yake, na alijua fika kwamba hauwezi kubeba maji yote hayo.

"Saria, nyumba yako!" mama alilia.

"Na iende!"

Ikaenda kweli, pamoja na zizi na ng'ombe wawili waliofungwa ndani. Mkewe, bahati yake, alikuwa sokoni. Maji yaliyokuwa yameshapanda hadi kidevuni mwa Mzee yakashuka hadi kifuani.

Ndelilio akaingia, akaweka bega chini ya jiwe. Mara ya kwanza halikutikisika. Mara ya pili lilinyanyuka kiasi cha kupitisha kiganja, na hapo mfupa wa bega ukalia. Anasia aliusikia. Mkono huo leo hauinui hata kikombe cha chai. Juu korongoni magogo yanayosukumwa na maji yalishaanza kuunguruma.

"Mvuteni!" Aikande akapiga kelele. "Hata mguu ubaki, mvuteni!"

Wakamvuta. Mguu ulichanika vibaya, lakini mzee akatoka, na mara hiyo hiyo magogo yakapita pale alipokuwa amekaa.

Walimbeba nyumbani juu ya mlango kama machela. Damu ilikataa kukatika. Kabla jua halijazama akafumbua macho.

"Kihamba hiki msikigawe, ni kidogo mno. Na kiwe cha aliyenitoa mtoni. Mama Ndelilio, wewe ulikuwepo. Unamjua."

"Nani, baba Ndelilio? Mtaje!"

Hakumtaja. Alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Sasa wamezika. Anasia amesimama kaburini, katikati ya migomba, ameshika jani la isale, jani la viapo na mipaka. Atakayepewa ndiye mwenye kihamba na maji yake. Wawili watakaokosa watashuka tambarare, kwenye mchanga.

"Mama," anasema Ndelilio, "mkono huu utalima wapi tena?"

"Na mimi nirudi wapi?" anasema Saria. "Hata kwa mila, kihamba cha baba ni cha kitinda mimba."

 Aikande naye watu wanamsema: binti harithi, tena ndiye aliyesema mguu ubaki, na ni mguu uliomuua.

"Nyamazeni!" mama anawakemea. "Mguu haukumuua. Aliyesema 'nenda tu' ni mimi."

Anawatazama wanawe, mmoja mmoja. Anamtafuta yule ambaye bila yeye mumewe angekufia majini, na kila anayemtazama ni huyo. Isale linanyauka mkononi mwake, na neno la marehemu halivunjwi.

Haya, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, simama. Mama huyu ameshindwa. Ungekuwa wewe, ungelitia isale hilo mkononi mwa nani? Na wale wawili wengine, siku wanashuka tambarare, ungewaambia nini?