Kishingo Aliyeuzwa Mara Nyingi

Kuku wa mchango hana banda.

Methali hii haikutoka mbali. Ilianzia hapa hapa Kwesanga, na Bibi Nangasu aliieleza siku vijana wa kwaya walipokuwa wanapanga vitu vya mchango wa watoto wa chekechea. Kijana mmoja, Tumsifu, alitaka blanketi alilolitoa yeye liandikwe jina lake. Mwenzake akamwambia, "Kuku wa mchango hana banda," wakacheka wote. Kisha wakatazamana, maana hakuna aliyejua huyo kuku alikuwa wa nani. Wakamuuliza Bibi Nangasu, aliyekuwa pembeni anachambua maharage.

"Kaeni," alisema, mkono haujatoka kwenye ungo. "Huyo kuku nilimwona kwa macho yangu. Ilianza hivi."

Miaka hiyo Kwesanga hapakuwa na chumba cha kujifungulia. Mama akishikwa na uchungu alibebwa kwa machela kushuka mlima, wanaume wanne wakipokezana, na wengine walijifungulia njiani juu ya majani ya migomba. Watu wakachoka. Wakafyatua matofali wenyewe, wakainua kuta za chumba karibu na zahanati. Lakini matofali yalikuwa mabichi, kwa sababu kuni za tanuri hazikutosha. Ukuta wa tofali bichi ni kama sukari: mvua ikiukuta hauna paa, unarudi kuwa tope. Mwezi wa tisa ulikuwa unaisha na vuli ilikuwa njiani. Ikaamuliwa ufanyike mnada wa mchango, kila nyumba ilete ilichonacho, yapatikane mabati.

Mnada wa mchango si kama mnada wa sokoni. Ukinunua kitu, mnadi anakuuliza, "Unachukua au kinarudi?" Ukisema unachukua, kimekuwa chako, nenda nacho. Ukisema kinarudi, pesa umeitoa na kitu kinauzwa tena, na kinaendelea kuitwa kwa jina la aliyekileta. Sharti lilikuwa moja: aliyetoa kitu haruhusiwi kukinunua, asije akajipandishia sifa.

Katika nyumba zilizoleta vitu, mbili zilitazamana, katikati pana mpaka wa mimea ya masale tu. Moja ilikuwa ya Nakijwa, mke wa kaka mkubwa. Ya pili ilikuwa ya Eliwaza, mke wa mdogo mtu. Nakijwa alikuwa mchapakazi. Tangawizi yake ilikuwa nene, kuku wake wazito, uwanja wake ulifagiwa kabla jua halijatoka. Lakini watu wakipita walimwamkia yeye kwa heshima, kisha wakaenda kuketi kwa Eliwaza. Mama mkwe wao akitaka kukunwa mgongo aliita Eliwaza. Hata mtoto wa mwisho wa Nakijwa, siku alipoanguka akachunika goti, alikimbilia kwenda kulia kwa Eliwaza. Baba yake alisema ni kwa sababu kulikuwa karibu. Nakijwa alikwenda kupima. Kwa Eliwaza kulikuwa mbali zaidi kwa hatua sita.

Eliwaza angekuwa na roho mbaya ingekuwa nafuu. Hakuwa na baya la kushikwa nalo. Alikuwa maskini, mcheshi, na hakujua kama kuna mtu anashindana naye. Hilo ndilo lililomkera Nakijwa zaidi.

Kwa hiyo Nakijwa alijiandaa. Miezi mitatu alimlisha jogoo mmoja mwekundu pumba na dagaa, na Jumapili asubuhi, siku ya mnada, alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Alitaka jambo moja tu, kusikia jina lake likiitwa mbele ya kijiji kizima, na Eliwaza awe amesimama pale analisikia.

Mnadi alikuwa Mzee Mrutu, mtu wa sauti kubwa na maneno mengi. Akamwinua yule jogoo juu kwa mikono miwili.

"Jogoo wa Nakijwa! Nani anaanza?"

Mwalimu mkuu akataja bei nzuri, nzuri mno, hata hakuna aliyethubutu kuongeza.

"Jogoo wa Nakijwa amenunuliwa. Mwalimu, unachukua au anarudi?"

"Jogoo kama huyu arudi wapi, mzee wangu? Nachukua. Nina wageni leo."

Jogoo akaondoka kwapani mwa mwalimu. Jina la Nakijwa lilikuwa limeitwa mara mbili, likaishia hapo.

Vitu vikauzwa, mikungu ya ndizi, mikeka, madebe ya mahindi, mpaka kikabaki cha mwisho. Kilikuwa kijikuku cha Eliwaza. Kilikuwa kishingo, shingo tupu haina hata unyoya, nyekundu kama pilipili iliyosahauliwa juani, na mkia umenyofoka nusu.

"Huyu kanyolewa na nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kajinyoa mwenyewe," Mzee Mrutu akajibu. "Jumapili ijayo ana kipaimara. Kuku wa Eliwaza! Nani anaanza?"

Mama mmoja muuza maandazi akamnunua kwa kumhurumia. Alipoulizwa kama anachukua, akasema, "Nichukue nikale nini, shingo? Arudi." Watu wakaanguka kicheko. Wa pili akamnunua, akasema arudi akatafute nguo kwanza. Wa tatu akasema arudi, nyumbani kwake kuna mlango mmoja na mke wake atamuuliza huyu mgeni ni nani. Ikawa mchezo. Waliokuwa wameshaondoka wakarudi. Waliokuwa wametoa kidogo wakatoa tena, ili nao wapate la kusema. Na kila mara Mzee Mrutu aliita, "Kuku wa Eliwaza! Kuku wa Eliwaza anaongezwa!"

Nakijwa alikuwa anahesabu. Ilipofika mara ya kumi na moja, akageuka. Alimtazama Eliwaza. Eliwaza alikuwa amesimama karibu na meza, mikono ameikunja, anatabasamu kidogo na kutazama chini. Nakijwa akajiambia, Tazama anavyoringa.

Akafungua fundo la kanga. Ndani yake mlikuwa na pesa ya tangawizi ya msimu mzima, pesa ya kununulia godoro. Akataja bei iliyowanyamazisha watu.

"Haya, Mama!" Mzee Mrutu akasema, na kinywa kimeshafunguka kuita upya. "Unachukua au anarudi?"

"Nachukua," Nakijwa akasema.

Walipiga makofi, maana pesa ilikuwa kubwa. Lakini makofi yalikuwa ya hapa na pale. Mzee Mrutu akasogea, akashusha sauti.

"Mama, meza imebaki tupu. Ndugu zetu wa ng'ambo ya bonde wako mazikoni, wakimaliza wanakuja. Yamebaki mabati kumi na mawili. Nitawauzia nini?"

"Sheria si umeisema mwenyewe, mzee? Nimenunua, nachukua."

"Umenunua," Mzee Mrutu akakubali.

Wa ng'ambo walipofika walikuta uwanja unafagiwa, wakarudi na pesa zao.

Nyumbani, mume wa Nakijwa alimtazama akimfungia yule kuku ndani ya banda, na kukaza kamba ya mlango mara mbili.

"Ile ilikuwa pesa ya godoro," alisema.

"Nimetoa mchango. Nani katoa kama mimi?"

"Sijasema hukutoa. Nauliza tu, mke wangu, umenunua kuku au umenunua kimya?"

Na kimya chenyewe hakukipata. Jumatatu asubuhi jirani alipita akauliza, "Nasikia kuku wa Eliwaza amelala hapa. Ameamkaje?" Mchana akapita mwingine, naye akauliza habari za kuku wa Eliwaza. Jioni Nakijwa alimsikia mtoto wake mwenyewe akiwaambia wenzake, "Njooni mwone kuku wa mama mdogo." Bei yote ile, na jina halikuhama.

Jumanne akamtoa bandani, akampeleka kwa Mzee Shabani akachinjwe. Mzee Shabani akashika kisu, akamgeuza yule kuku. "Huyu si yule wa Eliwaza?" akauliza. Nakijwa akasema, "Chinja, mzee."

Adhuhuri chungu kilikuwa kinachemka jikoni. Nje, wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima, na Nakijwa aliliona, akaingia ndani ili asilione. Hapo akasikia hodi. Alikuwa Mzee Mrutu, na nyuma yake watu wanane au tisa wa ng'ambo ya bonde. Nyuma kabisa alikuwa Eliwaza, ametoka shambani kwa watu, jembe begani, miguu ina tope.

"Mama, tumekuja kwa adabu," Mzee Mrutu akasema. "Tunaomba utuazime kuku mpaka jioni. Hawa ndugu wamesikia habari zake, na kila mmoja anataka naye amnunue."

"Si watoe tu pesa? Kuku wa nini?"

"Mtu hutoa moja akiwa kimya, na tatu akiwa anacheka. Ndivyo tulivyo. Yuko wapi?"

 Harufu ya kitunguu ikamjibia Nakijwa. Watu wakatazama mlango wa jikoni, wakaona chungu, wakaona manyoya machache yaliyobaki kwenye ungo.

"Ehe," mmoja akasema taratibu.

Nakijwa aliomba moyoni wamkaripie. Wangemkaripia angepata la kujibu. Hawakumkaripia. Mmoja akatazama lile wingu, akashusha pumzi, na hiyo ilimchoma kuliko tusi. Zile kuta zilikuwa za akina mama wote wa mlima ule, na binti zake wawili walikuwa wanakua.

Eliwaza akapenya katikati ya watu, akaweka jembe chini.

"Dada," alisema, "huyu sasa ni kuku wako?"

Nakijwa alidhani anasutwa. "Nilimnunua. Kila mtu aliona."

"Basi ninaweza kumnunua." Eliwaza akaanza kufungua fundo la kanga yake kwa meno, kwa kuwa vidole vilikuwa na tope. "Jumapili sharti lilinizuia, kuku alikuwa wangu. Nilisimama pale kama mti, watu wote wanatoa na mimi natazama chini kwa aibu. Nimelima vibarua siku mbili nipate hii. Mzee, mimi naanza."

Nakijwa akabaki ameshika mwiko. Jumapili nzima alikuwa amemwonea wivu mtu aliyekuwa anaona aibu. Kile kitabasamu alichokiita maringo kilikuwa ni uso wa mtu asiyejua pa kuuweka.

Mzee Mrutu alizitazama zile sarafu. Akakohoa, akajinyoosha, na sauti yake ikatoka kama siku ya mnada.

"Kuku wa Nakijwa! Yuko chunguni, ana kitunguu, chumvi imekolea! Eliwaza ameanza. Nani anaongeza?"

"Mimi," mwanamume mmoja wa ng'ambo akasema. "Ila nionjeshwe mchuzi."

"Haujaiva," Nakijwa akanong'ona.

"Basi naongeza, uive vizuri."

"Unachukua au anarudi?"

"Arudi jikoni."

Mwingine akanunua paja peke yake, akalirudisha. Mwanamke mmoja akanunua shingo, akasema hata ikipikwa bado haina nguo, nayo ikarudi. Majirani waliposikia kicheko wakaja na walichokuwa nacho. Na kila mara iliitwa vilevile, kwa maana kuku aliyechukuliwa huitwa kwa jina la aliyemchukua: kuku wa Nakijwa, kuku wa Nakijwa. Jina alilotaka lisikike lilisikika mpaka barabarani, na kila lilipoitwa yeye aliinama zaidi, akapuliza moto ambao haukuwa umezimika. Safari hii hakuhesabu.

Walipomaliza, mabati yote kumi na mawili yalikuwa yamepatikana. Watu wakaanza kuondoka, Nakijwa akamfuata Mzee Mrutu mpaka kwenye masale.

"Mzee, nilimfungia bandani kwangu," alisema. "Kamba nilikaza mara mbili. Nikamtia chunguni kwangu. Mbona amenitoka?"

"Mama," yule mzee akamwambia, "kuku wa mchango hana banda."

Chungu kile hakikuliwa pale nyumbani. Kilikwenda kwa mafundi waliokuwa wanagongelea paa, na kwa kuwa kilikuwa kizito Nakijwa alimwomba Eliwaza ashike upande wa pili. Wivu haukumtoka siku ile, mtu asiwadanganye. Njia nzima watu walimsalimia Eliwaza kwanza, na kila mara Nakijwa alisikia mchomo uleule chini ya kifua. Lakini mkono wake hakuulegeza, na mchuzi haukumwagika.

Mvua ilinyesha Jumatatu iliyofuata, ikakuta bati.

Bibi Nangasu akapepeta ungo wake, makapi yakaruka. Aliwaambia vijana kuwa wengi wao walizaliwa ndani ya chumba kile, na hajasikia hata mmoja akiuliza alilia mara ya kwanza chini ya bati la nani. Aliyetoa mchango hawezi kuufuata, na aliyeununua hawezi kuufungia.

"Ndiyo maana tunasema," akamalizia, "kuku wa mchango hana banda."