Muhanga Mchimba Mashimo na Miti ya Changarawe

Enyi mlioketi!

(Tumeketi!)

Masikio mmekuja nayo?

(Tumekuja nayo!)

Basi yategeni, niweke ndani yake neno dogo.

(Weka!)

Zamani, zamani za kale, wanyama walichoka kulala porini wakajenga mji. Mji wenyewe waliuita Changarawe. Ulikuwa na nyumba za mawe, barabara zilizonyooka, soko, na kisima kikubwa katikati. Kila kitu ulikuwa nacho, ila kimoja tu: kivuli. Maana walipokuwa wakijenga walikata kila mti. Mingine ikawa boriti, mingine ikawa kuni, na walipomaliza kujenga wakatazama juu wakaona jua peke yake.

Na jua la Changarawe, ndugu zangu, lilikuwa jua! Bata alivuka barabara kwa kurukaruka, mguu huu juu, huu chini, kama anayecheza ngoma. Mchicha ulinyauka sokoni kabla haujapata mnunuzi. Siku moja ajuza mmoja, mama yake Swala, alianguka adhuhuri akitoka kisimani, na hakuinuka tena. Mji mzima ulilia.

Matanga yalipokwisha, mkuu wa mji, Bwana Nyati, akaita mkutano.

"Nimeamua," akasema. "Tutapanda miti mia moja kwa siku moja. Muhanga yuko wapi?"

Muhanga mnamjua? Ni yule mnyama mwenye masikio kama ya punda na pua kama ya nguruwe, na kucha zake ni majembe. Mjini Changarawe yeye ndiye aliyekuwa mchimbaji. Alichimba misingi, alichimba mitaro, alichimba makaburi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maisha yake yote kichwa chake kilikuwa kimeinama shimoni, na watu wa mji walimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso.

"Nipo, Mkuu," akasema Muhanga.

"Chimba mashimo mia moja. Palipo na nafasi, chimba."

Muhanga akachimba. Alipochimba aliimba, nanyi mniitikie:

Fukua, fukua!

(Fukua!)

Ardhi, fungua mlango!

(Fukua!)

Anakuja mgeni!

(Fukua!)

Mgeni hana miguu!

(Fukua!)

Akifika haondoki!

(Fukua!)

Siku ya kupanda ikafika. Ngoma zikapigwa, Nyati akahutubia, pilau likaliwa. Miti mia moja ikasimamishwa, watu wakanawa mikono wakaenda zao.

Mwezi haukuisha, mti wa kwanza ukakauka. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa kumi. Mvua za vuli zilipofika hazikukuta hata mmoja.

Nyati akakasirika. "Muhanga! Mashimo yako ni mabaya!"

Muhanga akainamisha kichwa. Alijua mashimo yake ni mazuri, ila hakujua miti imekufa kwa nini.

Mwaka wa pili Nyati akasema, "Safari hii kila mti utazungushiwa uzio, na tutaweka mlinzi wa kuimwagilia maji."

Fisi akaruka mbele. "Mimi, Mkuu! Mimi silali."

Akapewa kazi, akapewa na ndoo. Muhanga akachimba tena. Fukua, fukua!

(Fukua!)

Miti mia moja ikapandwa. Fisi akaigeuza ile ndoo juu chini, akaikalia kama kigoda, akalala. Akiamka anatazama miti, anasema, "Leo mmeshiba," kisha anasinzia tena. Miti ikakauka yote.

Fisi akasikia Nyati anakuja kukagua. Mnadhani alitubu? Alikwenda porini akakata majani mabichi, akayafunga kwa kamba kwenye vile vijiti vikavu, kijiti kimoja kimoja, mpaka mtaa mzima ukawa wa kijani.

Nyati akapita, kifua mbele. "Mashallah! Kazi ninaiona!"

Basi Mbuzi alikuwa akipita njia, njaa imemshika. Akaona jani linapepea nje ya uzio. Akalivuta. Likaja jani, likaja tawi, likaja furushi zima na kamba yake. Mbuzi akabaki na kamba mdomoni, akasema, "Mkuu, mbona miti yako imevalishwa nguo?"

Nyati akavuta mti wa pili, majani yakabaki mkononi. Akavuta wa tatu, kijiti chenyewe kikang'oka. Fisi akacheka, maana Fisi akiogopa hucheka.

Akahukumiwa kung'oa vijiti vyote mia moja na kuvibeba kwa mgongo hadi jalalani. Vilikuwa vizito kwa nyuma, na wengine husema ndipo mgongo wake ulipoinama vile mnavyouona.

Lakini Nyati hakuishia kwa Fisi. Akamgeukia Muhanga.

"Nawe pia nimekuchoka. Mara mbili umechimba, mara mbili miti imekufa. Mara ya tatu ni ya mwisho. Ikifa tena, toka Changarawe, rudi porini na kucha zako."

Muhanga akaenda zake. Usiku ule hakupata usingizi. Alifikiri juu ya chumba chake kidogo nyuma ya soko, alichokichimba mwenyewe. Alifikiri jinsi alivyomzika mama yake Swala, na jinsi udongo wa kaburi lile ulivyokuwa wa moto mkononi mwake. Akasema moyoni, "Nitafukuzwa, sawa. Lakini kwanza nijue kosa langu liko wapi."

Asubuhi akaenda kwenye shimo la kwanza alilolichimba mwaka ule wa kwanza, mbele ya nyumba ya Bi Kanga. Akalifukua upya. Akaingiza ile pua yake ndefu, akanusa. Ulikuwa udongo mzuri. Akanusa chini zaidi. Lo! Harufu ya majivu, na chini ya majivu, ukoko wa ugali. Mtu alikuwa akimwaga pale maji ya moto ya sufuria.

Muhanga akatoa kichwa shimoni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alimkasirikia mtu. Akabisha hodi kwa nguvu.

"Hodi!"

"Karibu!" Bi Kanga akatoka, vifaranga kumi na viwili nyuma yake. "Ee, Muhanga! Leo nakuona uso. Shikamoo, ingia."

"Marahaba. Siingii. Bi Kanga, wewe uliuua mti?"

Bi Kanga akatazama vifaranga wake, akatazama shimo. Kisha akasema, "Niliuua, ndiyo. Njoo hapa." Akamshika mkono akamsimamisha mlangoni. "Unaona nini?"

"Naona jamvi."

"Na juu ya jamvi?"

"Mtama."

"Huo ndio ninaowalisha hawa. Ukikosa jua unaota ukungu. Uwanja wa kuanikia ninao huu mmoja tu, nanyi mkaja na ngoma zenu mkaniwekea mti katikati yake. Nani aliniuliza? Wewe uliniuliza?"

Hasira yote ikamtoka Muhanga, ikabaki aibu.

"Kumbe mti huutaki," akasema polepole.

"Nani amesema siutaki? Nyuma ya nyumba wanangu wanacheza juani mpaka wanazimia! Ungeniuliza ningekuambia: nipandie nyuma. Tena unipandie mzambarau, wapate na kitu cha kudonoa."

Muhanga akaenda kwenye shimo la pili, penye mtelemko wa sokoni. Pale alikaa Punda, mchukuzi wa maji.

"Mti wa hapa ulikufaje, ndugu yangu?"

"Niliugonga kwa mitungi," akasema Punda. "Ulikuwa katikati ya njia yangu. Siku ya kwanza niliukwepa nikamwaga maji. Siku ya pili sikuukwepa. Ungekuwa kule juu, mwisho wa kilima, pale ninapopumzika, ningekuwa nakuombea dua kila siku."

Muhanga akaenda kwenye shimo la tatu, kwa Mzee Nungunungu.

"Mti wa hapa ulikufaje, mzee wangu?"

"Niliutafuna," akasema Nungunungu bila kupepesa macho. "Mliupanda juu ya dari la chumba changu cha chini ya ardhi. Ungekua, mizizi ingenikuta kitandani. Mimi ni mzee, sitaki kulala na mizizi. Usogeze hatua kumi, nami sitauonja."

Muhanga akarudi kwa Nyati. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Mkuu, mashimo yangu hayakuwa na kosa. Kosa langu ni lingine. Nipe ruhusa nisichimbe hata shimo moja kabla sijabisha hodi."

Nyati akacheka. "Hodi mia moja? Utakuwa mzee!"

"Bora niwe mzee humu mjini, Mkuu, kuliko kule porini."

Nyati akatikisa pembe. "Haya. Lakini neno langu ni lile lile."

Muhanga akazunguka, nyumba kwa nyumba. "Hodi! Unataka mti? Unataka mti gani? Ukae upande gani? Nani wa kuutazama?" Mwingine alitaka mwarobaini, mwingine alitaka mkungu wa kutandaza matawi, Kima alitaka mpera na hakutaka kusikia habari nyingine. Wengine walimfungia mlango. Mbuzi alimwambia kweli tupu: "Usinipandie, Muhanga. Nitaula. Najijua." Muhanga akamshukuru, akapita.

Kati ya nyumba mia, sabini na moja zilikubali. Kila alipochimba, mwenye nyumba alikuwa kando yake akielekeza: sogea kidogo, hapo, hapo hapo! Na wimbo haukuwa wake peke yake tena. Fukua, fukua!

(Fukua!)

Ngoma haikupigwa. Pilau halikuliwa.

Halafu kikaja kiangazi. Na kile kiangazi, jamani, hakikuwa na huruma. Kisima kilishuka mpaka kamba zikaungwa mara tatu. Nyati akatoa amri: kila nyumba mtungi mmoja kwa siku, wa kunywa na kupikia, basi.

Muhanga akaisikia amri ile. Akasema, "Nimekwisha." Akaanza kukusanya vitu vyake, kibuyu na mkeka. Kisha akasema, "Niiage miti yangu kwanza."

Akapita nyuma ya Bi Kanga. Akakuta shina la mzambarau limelowa. Vifaranga wamesimama kulizunguka, na mama yao anawanawisha, mmoja baada ya mwingine, kila tone likianguka penye mizizi. "Simama vizuri!" anawaambia. "Unamwaga maji ya mti!"

Akapanda kilima. Akamkuta Punda anagawana na mkungu fungu lake la kunywa, nusu kwake, nusu kwa mti. "Usinitazame hivyo," akasema Punda. "Hata mimi sijielewi."

Akaenda kwa Mzee Nungunungu. Mzee alikuwa amelitandika shina nyasi kavu zishike unyevu, na kulizunguka alikuwa amechomeka miiba yake mwenyewe iliyong'oka, imesimama kama mikuki. "Kwa ajili ya Mbuzi," akasema.

Muhanga akarudi kwake, akautandika tena mkeka.

Miti ya Kima na ya wengine kadhaa ilikufa, siwafichi. Lakini mvua iliporudi, miti sitini na mitatu ilichipua.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Siku moja mchana Bwana Nyati alikuwa akizunguka mji. Kupe walikuwa wakimwasha ubavuni. Akaona mzambarau umesimama vizuri, akaenda akajikuna. Kwaru! Kwaru! Mti ukainama, gome likaanza kubanduka.

"Wee! Wee! Toka hapo!"

Bi Kanga alikuja mbio, mbawa zimetanuka. Nyuma yake vifaranga, sasa mitetea na majogoo wazima. Nyuma yao Nungunungu, miiba imesimama. Punda akatua mitungi yake akaja. Majirani wakatoka, mlango huu na mlango ule.

Nyati akageuka na pembe zake. Muhanga alikuwa akichimba mtaro karibu na pale, akajisemea, "Leo kuna mtu atakufa."

"Kanga," Nyati akanguruma, "nani amekupa amri ya kunifukuza mimi?"

Bi Kanga hakurudi nyuma. "Mkuu, mti huu niliuomba mwenyewe. Nimeunywesha maji ya kunawa ya wanangu kiangazi kizima. Sasa nisubiri amri gani tena?"

Nyati akamtazama. Akawatazama wote waliosimama. Kisha akautazama mti, na ndipo akagundua kwamba amesimama kivulini, na kwamba kwa mara ya kwanza mjini Changarawe, mchana wa jua kali, jasho limemkauka. Akasogea taratibu. Kwa pua yake akaunyanyua mti mpaka ukasimama wima.

"Unisamehe, Bi Kanga," akasema.

Halafu akaita, "Muhanga!"

"Naam, Mkuu."

"Milango yote ya mji huu uliibisha. Mbona wangu uliupita?"

Watu wakaangua kicheko. Muhanga akapanguza udongo puani, akasimama sawasawa mbele ya Nyati, akasema, "Hodi, Mkuu. Unataka mti gani?"

Nyati akafikiri kidogo kama mtoto. "Mkwaju," akasema. "Upande wa dirisha. Na ndoo ya maji nitaibeba mwenyewe."

Basi, wanangu na wenzangu, mmesikia. Ukiupandia mji mti bila kuwauliza wenye mji, umepanda kuni. Muulize jirani yako, mshirikishe, na atautunza mti huo kuliko ambavyo angeutunza kwa amri. Amri ina jicho moja, nalo hulala. Wenye mtaa wana macho mengi.

Mzigo wangu wa maneno nimeutua hapa. Nani ataubeba?

(Sisi!)

Ubebeni mpaka kwenu, na mkifika mbishe hodi.