Watatu Waliompenda Kidawa

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana umeme ulikuwa umeshafika Muheza, palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Mhando. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Kidawa. Alikuwa mtoto msikivu, ila hesabu zilimshinda. Akikosa swali la kwanza, hufunika daftari. Akikosa la pili, hulia. Mhando alikuwa akimtazama na kuumia tu, kwani yeye mwenyewe aliishia darasa la nne.

Mdogo wake Mhando, Saumu, alikuwa na saluni ya kusuka. Watoto wa wateja walimsumbua, basi akanunua gemu kuukuu, akaliunganisha na televisheni ili watulie. Katika gemu hilo kulikuwa na mbuzi anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya magogo. Akiteleza, mamba humla, na mchezo huanza upya.

Alasiri moja Mhando alikwenda saluni kumchukua binti yake, akamkuta anacheza. Mbuzi akaliwa. Kidawa akaanza upya, akaliwa. Akaanza tena, akaliwa. Mhando akahesabu mara kumi na tisa, na mtoto hakudondosha chozi. Mara ya ishirini mbuzi akavuka, naye Kidawa akasema taratibu, kama anayejisemea, "Kumbe gogo la tatu linazama. Halikanyagwi."

Mhando akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Shekiondo, aliyemfundisha Kidawa hesabu.

"Mwalimu, mtoto wangu haogopi kushindwa. Anaogopa kalamu yako nyekundu."

Mwalimu akaiweka kalamu mezani. "Huenda ni kweli, fundi. Hebu niachie."

Akazigawa hesabu katika hatua ndogo ndogo. Aliyekosa hakuwekewa alama ya kosa, alirudi kujaribu. Kidawa akakosa, akarudi. Akakosa, akarudi. Akavuka. Muhula ulipokwisha alikuwa akikaa kizingitini mwa duka la baba yake, akikokotoa maswali ambayo hakuna aliyemtuma kuyafanya.

Laiti wangemwacha hapo.

Furaha ilimzidi Mhando. "Mwanangu," akasema, "kila hatua utakayovuka, nitakushonea gauni." Akashona la kwanza, akashona la pili. Kidawa akaanza kuchagua maswali mepesi, apate gauni upesi. Ukaja msimu wa sare za shule, Mhando akazidiwa na kazi, akamwambia gauni lisubiri. Na daftari nalo likasubiri.

Mwalimu naye hakutaka jitihada ile ipotee bure. Akabandika orodha ukutani, jina la Kidawa juu kabisa, darasa zima likampigia makofi. Wiki iliyofuata jina likashuka hadi la tatu. Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena.

Saumu aliposikia mtoto amelegea, akaling'oa gemu, akalifungia kabatini. "Utalipata ukifaulu mtihani."

"Sawa, Shangazi," Kidawa akajibu, akaenda kuosha vyombo.

Mtihani ukafika, ukapita. Kidawa akafeli.

"Mwanangu, hukuyajua maswali?" Mhando akamuuliza.

"Mengine niliyajua, Baba. Nisiyokuwa na uhakika nayo niliyaacha wazi."

"Kwa nini usijaribu?"

"Na kama ningekosa je?"

Miaka ikaenda. Kidawa akaolewa Korogwe, akazaa. Siku moja Mhando alikuwa kwake kumtembelea, mjukuu akaja na daftari. Kidawa hata hakulitazama. "Mpelekee baba yako. Mimi sikuumbiwa hesabu." Mzee akainama, akajifanya anafunga kiatu.

Aliporudi Muheza aliwaita wenzake wawili, akawasimulia.

"Kosa ni langu," akasema. "Kujua kulikuwa kutamu kwake bila kulipwa. Mimi nikamtilia ujira, nikaufanya utamu ule kuwa kibarua."

"Hapana, kaka," Saumu akasema. "Gauni huchakaa, mtoto akasahau. Mimi nilimfungia mahali pekee alipoweza kuanguka bila kuona haya."

Mwalimu Shekiondo, mvi zimemjaa, alikuwa wa mwisho kusema. "Nyinyi mliongozwa na mapenzi. Mimi nilisomea kazi hii. Niliweka kalamu nyekundu chini, halafu nikamwandika ukutani kila mtu amwone anavyoshuka. Msininyang'anye kosa langu."

Wakakubaliana waende Korogwe kumwomba radhi, na mwenye kosa kubwa ndiye aanze kusema. Wakabishana njia nzima, kila mmoja akilivutia kosa kwake.

Kidawa akawapokea vizuri, akawawekea viti, akawaletea maji. Alipowaona wamenyamaza akaingiwa na hofu.

"Baba, kuna msiba?"

Wote watatu wakafumbua vinywa kwa pamoja, kisha wote wakanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Nanyi mliokaa hapa mkanisikiliza, wenye watoto na mliowahi kuwa watoto, waamulieni wazee hawa. Je, nani alistahili kuanza?