Mhunzi Aliyeshusha Mkono Wake

Wacha Mungu waliotutangulia wametuachia kisa cha mhunzi wa nchi ya Shamu, Safwani bin Tarifu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala na ukweli, na sokoni jina lake ndilo lililokuwa riziki yake.

Siku moja alijiwa na Bibi Lubaba, mjane mcha Mungu aliyewasagia watu ngano. Chuma kinachoshika jiwe lake la juu kilikuwa kimevunjika. Kama ilivyokuwa desturi, alileta ukanda wa ngozi alioukata kwa urefu wa chuma anachokitaka. Safwani akautundika juu ya tanuri, na zamu yake ilipofika, akafua chuma sawasawa na ukanda ule.

Bibi Lubaba akarudi nacho kesho yake.

"Mhunzi, umenifulia cha kinu cha panya?"

Safwani akautwaa ukanda, akaulaza juu ya chuma. Ncha kwa ncha.

"Ukanda si huu, mama?"

"Ndio huu huu. Na niliupima kwa mkono wangu."

Wakatazamana. Kila mmoja alijua hakusema uongo, na kila mmoja alijua mwenzake si mwongo. Basi chuma kimepunguaje? Wakaenda kwa kadhi.

Kadhi akamwambia Safwani, "Bibi hana shahidi. Apa kwamba ulifuata kipimo, uende zako."

Safwani akainua mkono. Kisha akaushusha.

"Nikiapa nitakuwa nimesema kweli. Lakini huyu mama ataondoka hapa ameitwa mwongo kwa kiapo changu, nami sijui kama ni mwongo."

"Asiyeapa amelikubali dai. Unafahamu?"

"Hilo nafahamu, ewe kadhi. Nisilolifahamu ni jambo lenyewe."

Akahukumiwa kufua upya. Sokoni watu wakanong'ona kwamba Safwani amekula chuma cha mjane, na wateja wakampita kwenda kwa wengine. Akasubiri, wala hakumlaumu mtu. Akaenda kwa Bibi Lubaba apime mwenyewe, na pale akauliza lile ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mama, ule ukanda uliukata kwenye ngozi gani?"

"Ya mbuzi wa akika ya mjukuu wangu. Tulimchinja asubuhi ile ile."

"Ilikuwa mbichi?"

"Mbichi, inatiririka."

Safwani akashika kichwa. "Nami niliutundika juu ya moto. Ngozi mbichi ikikauka husinyaa ikawa fupi, mama. Na mimi ni mhunzi, ningeuliza."

Bibi Lubaba akacheka mpaka akaketi chini. "Basi mwongo wetu ni mbuzi."

Siku hiyo hiyo alizunguka soko zima, duka kwa duka, akisema, "Mhunzi hakunidhulumu. Tulikosea wote wawili." Na chuma kipya kilipofuliwa, yeye ndiye aliyevuta mivukuto kuchochea moto.

Ndugu zangu katika imani, sijui mimi ningefanyaje mbele ya kadhi yule, nahofia ningeapa. Ulimi wetu ni mwepesi wa "Wallahi", na tukishakuwa na haki tunadhani mwenzetu lazima awe na batili. Safwani alikuwa na haki mkononi, akaogopa kumpiga nayo mtu asiye na kosa. Mola atujaalie hofu kama ile.