Muhanga Aliyekiri Ndoto

"Jamani, mpo?"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, yana njaa!"

"Niyalishe uongo?"

"Yalishe! Ukweli tutautafuna wenyewe!"

Haya. Na wewe unayesinzia pale nyuma, kaa vizuri, hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanalima, palikuwa na Muhanga. Mnamjua, yule mwenye pua ndefu na masikio kama ya punda. Siku hizo alitembea mchana kweupe kama sisi. Kazi yake ilikuwa kuchimba. Ngiri alilala katika shimo lililochimbwa na Muhanga. Mama Kanga alijikinga mvua katika shimo lililochimbwa na Muhanga. Mkiniuliza ni nani aliyewahi kumwambia ahsante, mimi nitanyamaza.

Asubuhi Muhanga alifagia mbele ya shimo lake, akakaa, akangoja mgeni. Wanyama wakapita. Hakuna aliyebisha hodi. Jioni akaingia ndani, akalala peke yake. Kesho yake akafagia tena, akakaa tena, wakapita tena. Upweke ulimkaa kifuani hata sauti yake mwenyewe akaanza kuisahau.

Sasa, kijiji kilikuwa na kihenge cha mbegu za mtama, na mtunzaji wake alikuwa Mama Kanga. Siku moja, mvua zikikaribia, Kanga alikwenda kutazama mbegu. Lo! Kihenge kimechimbuliwa kwa chini, mtama nusu hakuna! Akapiga yowe. Vifaranga wake wakalia. Mwaka ule ungekuwa wa njaa.

"Ni nani anayejua kuchimba hapa?" wakaulizana. Wote wakageuza shingo upande mmoja.

Mbweha, mlinzi wa kijiji, akaruka mbele, kifua wazi. "Niachieni mimi. Siku tatu tu, nitawaletea mwizi, na atasema kwa kinywa chake mwenyewe." Akashangiliwa. Hakusema atamtafuta mwizi, mmesikia? Alisema atamleta.

Na hukumu ilijulikana. Mwizi wa mbegu alivushwa mto, akaachwa Majabalini, kwenye mawe matupu. Kwa mchimbaji, hicho ni kifo. Mawe hayachimbiki, na mchwa hawakai humo.

Siku ya kwanza Mbweha akaja shimoni kwa kishindo.

"Wewe! Umeiba mtama!"

"Sikuiba, bwana. Mimi nala mchwa."

"Kila mwizi husema hivyo! Usiku ule mtama ulipoibwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Nani alikuona umelala?"

Muhanga akafikiri. Nani angemwona? Hakuna anayekuja kwake. Akainamisha pua. Mbweha akamzunguka akiimba:

*Sema, Muhanga, sema,*
*neno moja tu, upumzike!*

Muhanga hakusema.

Siku ya pili Mbweha akaja bila kishindo. Akakaa mlangoni, akaziba njia. Akauliza swali lile lile, likijibiwa analirudia, likijibiwa analirudia, tangu umande haujakauka hadi jua kuzama. Muhanga hakula, hakunywa. Kichwa kikawa kizito. Mbweha akaimba:

*Sema, Muhanga, sema,*
*neno moja tu, upumzike!*

Muhanga hakusema. Lakini Mbweha alipoinuka kwenda zake, jamani, msicheke, Muhanga alimsindikiza kwa macho hadi akapotea vichakani. Siku mbili nzima alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Siku ya tatu Mbweha akaja na kata ya maji na mchwa wanono kwenye jani. Akabisha hodi. Hodi! Muhanga akafagia mlango upesi kabla ya kuitikia.

"Kula, ndugu yangu," akasema Mbweha kwa sauti ya asali. "Jana nilikukera. Nisamehe. Nataka kukuuliza jambo dogo tu, kindugu. Ukilala, huwa unaota?"

"Naota."

"Unaota nini?"

"Naota nachimba."

"Na miguu inacheza usingizini?"

"Inacheza. Nikiamka nakuta udongo kwenye kucha."

Mbweha akavuta pumzi, akamshika bega. Hakuna aliyewahi kumshika Muhanga bega. "Unaona sasa? Wewe si mbaya. Ulichimba usingizini. Mwili umefanya, moyo haukujua. Kihenge kile ulikipitia upande wa mashariki, sivyo? Chini ya jiwe jeupe."

"Sijui... labda."

"Labda! Umeanza kukumbuka. Ukala. Mtama ulikuwaje?"

Muhanga akafumba macho, akatafuta. Akakiona kihenge. Akaliona jiwe jeupe. "Ulikuwa mtamu," akasema polepole.

"Ndugu yangu!" Mbweha akamkumbatia. Na Muhanga akalia kwa furaha, maskini, kwa sababu amekumbatiwa.

Barazani Muhanga akasimama, akasema yote mwenyewe. Upande wa mashariki, jiwe jeupe, mtama mtamu. Wanyama wakazomea. Mama Kanga peke yake akashtuka. Mtamu? Mbegu zile alizichanganya na majivu kwa mabawa yake mwenyewe, ili wadudu wasizitoboe. Anayezila hukohoa siku mbili! Lakini alikumbuka vifaranga wake wenye njaa, hasira ikampanda, akafunga mdomo.

Muhanga akavushwa mto. Alipofika ng'ambo akageuka kumtafuta Mbweha, ampungie mkono. Mbweha alikuwa amekwisha kwenda kupokea zawadi ya kumleta mwizi.

Siku ya tatu baada ya hapo, kihenge kikachimbuliwa tena. Safari hii Kanga hakupiga yowe. Alifuata sauti ya kikohozi. Kho! Kho! Kho! Akamkuta Ngiri shimoni mwake, pua nyeupe kwa majivu, kata tatu za maji tupu pembeni.

Ngiri akafukuzwa. Mbweha akanyang'anywa ulinzi. Wanyama wakasema, "Muhanga arudi." Nani akamlete? Kila mmoja akakumbuka ana kazi shambani. Akaenda Kanga.

Alimkuta Muhanga kwenye mawe, kucha zimekatika, zinatoka damu, amekonda hata ngozi inaning'inia.

"Twende nyumbani, jirani. Hukuiba wewe."

"Niliiba, mama. Nakumbuka kabisa."

"Unakumbuka nini?"

"Jiwe jeupe. Na utamu wa mtama."

"Mtama ule ulikuwa na majivu, baba. Haukuwa na utamu hata chembe. Nilijua tangu siku ile barazani, na nikanyamaza. Nisamehe."

Muhanga akaketi juu ya jiwe. Akatazama kucha zake.

"Basi hiki ninachokikumbuka ni nini?"

"Ni maneno ya Mbweha."

"Lakini yamo humu ndani, mama. Nayaona. Nitayatoaje?"

Kanga akampangusa damu kwenye kucha. Muhanga akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Na kama sikuiba, kuna atakayekuja tena kuzungumza na mimi?"

Kanga akataka kusema ndiyo. Lakini aliikumbuka miaka yote aliyopita mbele ya shimo lile bila hata salamu, akainamisha kichwa kwa aibu. Wakavuka mto pamoja.

Tangu siku ile Muhanga hatembei tena mchana. Hujichimbia, akaingia, akaziba mlango kwa udongo nyuma yake. Watu husema anaogopa jua. Uongo! Anamwogopa atakayekuja kumwuliza kwa upole, kwa maana anajua atakubali chochote.

Sasa sikieni funzo, na mlichukue mzima. Kinywa kikikiri, msikimbilie kushangilia. Ulizeni kwanza ni nani aliyekilisha maneno. Na jirani yako mwenye upweke, mbishie hodi wewe mapema, kabla hajabishiwa hodi na Mbweha.

Yangu ndiyo hayo. Mwenye kuyapenda ayabebe akawasimulie wenzake. Yaliyobaki niachieni mimi niliyeyaleta, nijue pa kuyalaza.