Mize Mkono Mwekundu na Milango Themanini na Minne

Enzi za mababu wa mababu zetu, wakati ukoo huu unaojigamba leo kwa mabaraza yake ya mawe haukuwa na mlango hata mmoja wa mtu kubishia hodi, aliishi Mize binti Lau bin Sheni, Mize Mkono Mwekundu, mwandika kwa pumzi moja, mama asiye na kaburi, ambaye kwake tumetoka sote, wema na waovu, hata wale wa mtaa wa juu wanaosema babu zao walitoka Shirazi. Waacheni waseme. Macho yao yanawasuta.

Baba yake Lau alitoka nchi inakofumwa hariri. Merikebu yao ilipasuka mwambani, wenzake wote wakaliwa na maji, naye akafika ufuoni chini ya mji wa Bungwini akiwa ameuma mfuko wa ngozi kwa meno kama paka aliyembeba mwanawe. Watu wa mji wakadhani ni dhahabu. Walipoufungua wakakuta kalamu ya manyoya, karatasi za manjano, muhuri wa mti, na bonge la zingefuri, lile jiwe jekundu ambalo likisagwa hutoa wino wa rangi ya damu mbichi. Wakacheka hadi wakashika mbavu, wakamrudishia takataka zake, wakamfukuzia kwenye ulimi wa tope ulio nje ya ukuta, kwenye mikoko na kaa, walikokaa watu wasiotakiwa na mji. Huko akamwoa Mwana Jaha, mwanamke aliyekwisha kuachwa mara tatu kwa sababu ya mdomo wake; na ndoa hiyo ikadumu, kwa kuwa nusu ya aliyoyasema mke, mume hakuyaelewa.

Lau hakujaliwa mwana wa kiume, basi elimu yake akampa Mize. Dini ya kwao waliiita Njia. Walisema mbingu ina serikali yake, ina mabaraza na makatibu na askari, na kila maradhi na kila pepo ana jina lake katika daftari la huko juu na ana mkuu anayemwogopa. Mwandishi wa Njia akiijua mizani ya mambo hayo huoga, hujizuia nyama siku tatu, huelekea mawio, hugonga meno mara tatu ili walioko juu wasikie, huvuta pumzi moja, na ndani ya pumzi hiyo huandika tangu juu hadi chini bila kuinua kalamu, maandishi yaliyojikunja kama moshi wa ubani, kisha hupiga muhuri. Karatasi hubandikwa mlangoni. Pacha wake huchomwa, majivu yakatiwa majini, yakanywewa.

"Dua huomba, mwanangu," Lau alimwambia. "Hii haiombi. Huu ni waraka wa amri. Ukiandika *toka*, hutoka. Ukiandika *ingia*, huingia, wala hakuulizi kwa nini."

Mize akakua, mkono wake wa kulia ukawa mwekundu hadi kwenye kiwiko kwa ule wino, hautoki kwa mchanga wala kwa ndimu. Akaolewa, akamzaa Dafina, naye Dafina akafundishwa na babu yake, kabla mzee hajafa, kusoma maandishi yale juu ya mchanga. Yule msichana alikuwa na uzuri wa kuudhi watu. Mwinyi Matano, bwana wa Bungwini, mwenye ukuta na mwenye visima, akamwona siku moja akiokota kaa, akamchukua akampa mwanawe awe mke, bila posa, bila ngoma, na bila ruhusa ya kumwona mama yake tena. Waliosema ni ndoa walikuwa walewale waliokula pilau yake. Topeni walisema ni rehani.

Mwaka wa tatu tangu hapo, ndui ikaja. Ilianzia topeni. Nyumba zilikuwa ishirini, zikabaki kumi na moja, na mume wa Mize alikuwa katika wa kwanza kufa. Mize akaoga, akagonga meno, akaandika *toka* kwa kila nyumba iliyobaki, na ndui ikatoka kama mbwa aliyepigwa jiwe. Lakini kiu haikuwa na waraka. Maji matamu yote yalikuwa ndani ya ukuta, na Mwinyi Matano alikuwa ameufunga mji kwa hofu ya maradhi. Topeni wakabaki na vishimo vya maji ya chumvi, wakinywa na kutapika.

Mize alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Maziwa yakamkauka. Akambeba hadi langoni, akapiga magoti, akaomba kibuyu kimoja. Mwinyi Matano mwenyewe akatokea juu ya lango, akateremsha kibuyu kwa kamba hadi kikafika usawa wa kinywa cha Mize, kisha akakiinamisha. Maji yakaingia mchangani.

"Haya," akasema. "Lamba upesi, mchanga nao una kiu."

Watu wake wakacheka. Mtoto akafa jioni ile, na Mize hakulia, jambo ambalo wanawake wenzake walilisema vibaya sana. Walisema ana moyo wa jiwe. Hawakukosea.

Haukupita mwezi, tarishi wa Mwinyi akaja topeni, kitambaa puani. Habari ilikuwa imefika mjini kwamba ndui ilifukuzwa kwa karatasi, na watu wa ndani, ambao hakuna aliyekuwa mgonjwa hata mmoja, walikuwa hawalali kwa hofu. Mwinyi aliamuru binti Lau aje auandikie mji mzima, milango themanini na minne.

Mzee Mshamu, mkubwa wa zile nyumba kumi na moja, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Waandikie, labda watatupa maji."

"Nitawaandikia," Mize akasema.

Akaoga kwa maji ya chumvi. Siku tatu hakula nyama, si kwamba ilikuwepo. Na katika siku hizo tatu alipanga hivi: karatasi ya kwanza, ambayo bila shaka Mwinyi ataitilia shaka, ataiandika *toka*, naye atahakikisha iwe ya chumba cha Dafina, na zile themanini na tatu zilizosalia ataandika *ingia, usimsaze hata mmoja*. Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba Mwinyi Matano naye alikuwa na akili, na akili ya mtu mbaya huwa haisinzii.

Alimkalisha Mize barazani mbele ya mji wote, mchana kweupe, katibu wake kando. Katibu yule alikuwa msomi wa kutajwa, lakini alipoonyeshwa maandishi ya Njia aliyageuza juu chini, akasema, "Bwana, hizi ni nyayo za kuku aliyekanyaga damu." Watu wakacheka, ila Mwinyi hakucheka.

"Sikiliza, mtu wa tope," akasema. "Mimi siyajui haya, lakini macho ninayo. Utaandika moja. Hiyo ndiyo itakuwa mama wa zote. Kila nyingine itawekwa juu yake, tuielekeze juani, mstari juu ya mstari. Ukipotoka hata unywele, kichwa cha mwanao kitateremshwa kwako kwa kamba. Na hiyo ya kwanza, majivu yake atayanywa mwanao, hapa, nikimtazama."

Akapaza sauti. "Mkwe wangu, njoo umsalimu mama yako."

Dafina akatoka. Miaka mitatu Mize hakuwa amemwona. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, amevaa kisutu kizuri, na miguuni ana furungu za fedha. "Shikamoo, mama," akasema, na Mize akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na sauti yake haikutofautiana na ya mtu anayeitikia jirani.

Sasa hapo ndipo watu wa Bungwini hubishana hadi leo kwenye misiba. Wapo wasemao angeandika *toka*, wote wangepona, na labda maji yangepatikana. Wapo wasemao neno *labda* halijawahi kumnywesha mtu maji. Mize mwenyewe alitazama kalamu, akatazama ukuta, na nyuma ya ukuta akasikia kimya cha nyumba kumi na moja, kwa maana mtoto mwenye kiu halii, huchoka kulia. Akaelekea mawio. Akagonga meno mara tatu. Akavuta pumzi, akaandika *ingia, usimsaze hata mmoja*, tangu juu hadi chini, na kalamu haikuinuka. Akapiga muhuri. Akaandika pacha wake, akampa katibu, naye akaiweka juu ya ile ya kwanza na kuielekeza juani. Mstari ulilala juu ya mstari.

Mwinyi Matano akaichukua karatasi, akamkabidhi Dafina. "Nasikia babu yako alikufundisha. Soma. Imeandikwa nini?"

Hilo Mize hakuwa amelipigia hesabu. Alidhani mtoto alikwisha kusahau.

Dafina akaisoma taratibu, midomo ikichezacheza, akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akamtazama mama yake.

"Mama, nasikia nilipata ndugu. Nilikuwa nimefungiwa, sikuambiwa jina lake."

"Shali," Mize akasema.

"Shali," Dafina akarudia. Akamgeukia mkwewe. "Imeandikwa: ewe ndui, nyumba hii si yako, ondoka. Mwandiko wa mama ni mzuri, bwana. Babu angefurahi."

Wakachoma pacha, wakatia majivu katika bakuli la maji matamu ya kisimani, naye akanywa lote, akajifuta mdomo kwa ncha ya kisutu. Mji ukashangilia. Na katika werevu wote ule wa Mwinyi Matano, mwenye kupima mistari juani, hakumwambia mwandishi mwenyewe: haya, nawe onja.

Mize akaandika siku nzima hadi jua likainama. Wenye nyumba wakabandika kwa mikono yao, wakachoma kwa mikono yao, wakawashika watoto pua ili wanywe. Kisha Mwinyi akamtoa nje ya lango bila tone la maji, naye hakuliomba.

Siku ya kumi na mbili kukasikika kilio cha kwanza ndani ya ukuta. Siku ya ishirini vilio vilikuwa vingi. Siku ya arobaini vilikoma, na lango likafunguliwa kutoka ndani na Mwinyi Matano mwenyewe, uso wote umekuwa kidonda, macho yamezibwa na usaha, akipapasa hewa na kumwita mtu yeyote ampe maji. Mize akamruka kama mtu anavyoruka gogo. Nyuma yake wakaingia nyumba kumi na moja, wakiwa na vibuyu, wakikanyaga walichokanyaga. Huo ndio msingi wa mji wetu, na asiyetaka kuusikia azibe masikio.

Mize alimkuta Dafina ghorofani, bado hai, furungu zimekuwa kubwa kwa miguu yake.

"Umekuja na wangapi?" Dafina akauliza.

"Nyumba kumi na moja."

"Hao hawaujazi mji."

"Watazaa."

"Haya. Nisogeze dirishani, niwaone wakinywa."

Mize akamsogeza. Chini, kisimani, watu walikuwa wakinywa hadi matumbo yanawauma, wakinywa na kucheka na kumwagiana. Dafina akatazama. Alikufa kabla ya adhuhuri, na Mize akamfunga macho kwa ule mkono mwekundu.

Lakini amri ilikuwa ingali milangoni. *Usimsaze hata mmoja* haikumtaja wa mjini wala wa topeni. Kabla ya mwezi kuandama, ndui ikashika wajukuu wawili wa Mshamu, ikashika bibi arusi, ikashika watu waliokuwa wameanza kugombania vyumba vya kusini. Wakamwendea Mize, wakamwambia aandike *toka*. Mize akaoga, akagonga meno, akavuta pumzi. Kalamu ikafika katikati, pumzi ikakatika. Akajaribu siku tatu. Karatasi zilizochafuka zikajaa sakafuni, na kila moja ilikatikia palepale.

Wanawake wakasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, "Kuiingiza ndui aliweza."

Basi Mize Mkono Mwekundu akaondoka, akaenda nyumba hadi nyumba, akabandua karatasi kwa kucha, milango themanini na minne, akizitia katika ule mfuko wa ngozi wa baba yake. Akazichoma zote katika chungu kimoja uwanjani, akayatia majivu maji. Yalikuwa mazito kama uji, mekundu kwa zingefuri. Watu wote walikuja kutazama. Hakuna aliyemwambia acha. Mzee Mshamu, ambaye alimbeba mgongoni utotoni, akamwambia, "Kunywa yote, mwanangu. Usibakishe."

Akanywa yote, akakipangusa chungu kwa kidole, akakilamba kidole. Kisha akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, "Amri zote sasa zina mlango mmoja. Utoeni nje."

Akatembea kwa miguu yake hadi langoni, akatoka. Wakafunga nyuma yake, wakakaza komeo. Walioparamia ukuta walimwona akienda kuelekea mikokoni bila kugeuka, na tope likimfika magotini, kisha kiunoni; wengine wasema aliliwa na tope, wengine wasema aliangukia mbele kidogo na kaa wakamaliza kazi, na wale wa mtaa wa juu wasema alipaa, lakini wao huwa wanapenda mambo makubwa. Kaburi halikuonekana. Ndui haikuingia tena Bungwini.

Nasi tuliobaki tuna desturi ambayo wageni huiona ni utovu wa adabu. Hapa kwetu, mtu akikuletea dawa, awe tabibu, awe mwandishi wa makombe, awe mama aliyekuzaa, hunywa yeye kwanza. Mama humshika mtoto mgonjwa mapajani, huinua bakuli, hunywa funda moja. Na mtoto, hata akiwa na kiu ya kufa, hungoja, akimtazama koo.