Mlolongo wa Hakimu Semboja

Mjini Kitutu hakimu alichaguliwa kwa mlolongo: kila mtu alisimama nyuma ya amtakaye, na aliyekaa chini alihesabiwa mtazamaji. Hakimu Semboja alikuwa ameshinda kila uchaguzi tangu ujana wake, na mbuzi wa Mwanakombo alikuwa kielelezo cha kesi isiyoisha, amefungwa zizini kwa hakimu tangu mwaka jana.

“Niletee watu,” alimwambia Mwanakombo, “la sivyo kielelezo kitaliwa.”

“Mheshimiwa, nakuletea mji mzima. Mpinzani wako Shemweta namwachia vikongwe watatu tu, wale ambao wakikaa hawainuki.”

Semboja alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

Siku ya kura mlolongo wake ulizunguka soko ukapotelea makaburini. Msimamizi alipoinua kidole ahesabu, Mwanakombo akapaza sauti kama karani wa mahakama: “Kooorti!”

Umati ukanyooka kimya. Semboja, kama afanyavyo kila asubuhi mahakamani, akainamisha kichwa na kusema, “Kaeni.”

Nani angethubutu kumbishia hakimu? Mji mzima ukakaa, isipokuwa wale vikongwe watatu nyuma ya Shemweta.

“Shemweta, watatu,” akatangaza msimamizi. “Semboja, hakuna.”

Mwanakombo hakuyasikia matokeo. Alikuwa zizini, anafungua kamba.